Tupeane uzoefu: wenye Chihuahua, ni siku gani ulidhani umempoteza?

Mlinzi wa Usiku
Habari za jioni wakuu. Jana usiku mbwa wangu, Chihuahua wa miaka 11, alikohoa hadi nikaamka na kumpakata mpaka alfajiri. Kikohozi chenyewe kina mlio, kama bata bukini anayefukuzwa. Daktari wa mifugo alishaniambia bomba lake la hewa limelegea, linasinyaa anapovuta pumzi, na kola niliyomfunga shingoni miaka yote ilizidisha. Siku hizi namvalisha mkanda wa kifuani, shingo iko huru. Wenzangu mmepitia nini na hawa viumbe wa kilo mbili?

Shuka Jekundu
Kikohozi cha bata nakijua. Pole sana mkuu.

Mama Pacha
Umenirudisha mbali. Wa kwangu tulimchukua akiwa na wiki tisa, gramu 650, anaenea kiganjani. Siku ya tatu niliwaachia watoto wacheze naye asubuhi nzima. Chakula hakugusa, nikadhani ni ugeni. Saa sita mchana nikamwona anayumba, miguu ya nyuma inapishana, kisha akaegemea ukuta kichwa kimelala upande. Nikamwita, hageuki. Kumshika, wa baridi, ufizi mweupe. Mara akakakamaa, miguu ikaanza kupiga hewani kama anaogelea. Binti yangu akapiga ukelele. Mimi nikajua ndiyo roho inatoka.

Nilimpigia daktari simu mikono ikitetemeka. Akasema sukari imeshuka, mpake asali kwenye ufizi kwa kidole, usimmiminie kooni maana atapaliwa, mfunike apate joto, mlete sasa hivi. Njiani nilikuwa nahesabu pumzi zake. Sijawahi kumwomba Mungu namna ile kwa ajili ya mnyama, na sioni aibu kusema. Kule akawekewa dripu ya glukosi. Baada ya muda akainua kichwa, akanilamba kidole kile kile cha asali. Nililia mbele ya watu.

Nilielezwa kwamba kitoto cha aina hii hakina mafuta ya kutosha mwilini, na ini lake halitunzi akiba ya kutosha ya sukari. Akichoka, akipigwa na baridi au akikosa mlo mmoja, inakwisha. Tangu siku ile alikula mara nne, kidogo kidogo, mlo wa mwisho kabla tu ya kulala, mpaka alipokua.

Jiwe la Pembeni
Mbwa ni mbwa. Asili yake mbwa mwitu, ale mara moja kwa siku. Mnawadekeza ndiyo maana wanaugua.

Mama Pacha
Gramu 650, ndugu yangu. Soma tena.

Jiwe la Pembeni
Nimesoma. Wangu anatembea kwa miguu yake, hapakatwi.

Fundi Saa
Kutembea ni sawa, njaa si sawa, msichanganye. Kudekeza ninakokuona mimi ni kumwacha ang'ate wageni kwa sababu ni mdogo. Angekuwa na kilo 30 nani angemchekea? Wangu alimganda mke wangu, nikisogea kitandani ananguruma. Tulikuwa tunamshusha chini kila akinguruma, bila kumpiga, akitulia anapandishwa.

Shuka Jekundu
Mimi nilishauriwa kinyume, nisimkataze kunguruma kwa sababu ataruka onyo na kung'ata moja kwa moja. Dawa ni kumzoesha watu na sauti tangu mchanga.

Fundi Saa
Kumzoesha tangu mchanga, hapo tuko pamoja.

Mgeni Mpya
Samahanini, wangu ana sehemu laini utosini kama ya kichanga. Ni ugonjwa?

Jiwe la Pembeni
Hiyo ni alama ya ukoo safi. Furahi.

Mlinzi wa Usiku
Watu wa zamani ndivyo walivyoihesabu, lakini hata machotara huwa nayo. Wengi wa aina hii huzaliwa hivyo, na wengine hubaki hivyo maisha yote wakiwa wazima. Kichwa kisigongwe tu. Akianza kuzungukazunguka bila sababu au kupata degedege, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo.

Nane Mchana
Na asiruke kutoka kwenye kochi jamani! Wangu kile kifupa cha mbele ya goti kilikuwa kinachomoka, anakimbia kwa miguu mitatu hatua kadhaa, halafu anarudi sawa kama hakuna kitu. Nilicheka mwaka mzima nikidhani ni madaha. Mwisho akafanyiwa upasuaji. Roho inaniuma mpaka leo.

Shuka Jekundu
Hukujua. Wengi hatukujua.

Nane Mchana
Meno nayo yapigeni mswaki kila siku. Kinywa kidogo, meno yamebanana, ukoga haukawii. Wangu meno ya utotoni yaligoma kutoka, yakang'olewa akiwa usingizini kwa dawa.

Mlinzi wa Usiku
Mama Pacha, hujatuambia yuko wapi sasa.

Mama Pacha
Ana miaka 8, kilo mbili na nusu. Yuko chini ya blanketi miguuni pangu, na hatoki humo mpaka jua lichomoze. Nikichelewa kulala ananijia kunitazama.

Mgeni Mpya
Na kucha mnakataje? Wangu analia kabla sijamgusa.

Fundi Saa
Leo moja, kesho moja. Usimalize mguu mzima kwa siku.