Monita za wagonjwa: usalama wa mtandao tunaulinganishaje kati ya watengenezaji?

fundi_vifaatiba_Moshi
Wakuu, tunanunua monita 12 za wodini na seva yake. Watengenezaji watatu wamebaki kwenye mchujo, na kamati inataka alama za usalama wa mtandao. Nimewaza kuhesabu CVE (udhaifu wa kiusalama uliosajiliwa hadharani) za kila mmoja, mwenye chache apate alama nyingi. Niko sahihi?

swichi_kuu (Arusha)
Hapana mkuu, hapo utampa ushindi aliyekaa kimya. Mwenye taarifa nyingi CISA (shirika la Marekani la usalama wa mtandao) mara nyingi ndiye mwenye timu inayopokea ripoti na kuzifanyia kazi. Mwenye sifuri huenda hajawahi kuchunguzwa. Angalia sasisho lilitoka siku ngapi baada ya tatizo kutangazwa, na nani analiweka: wewe, au fundi wa wakala kutoka Dar kwa ankara?

Dai fomu ya MDS2 ya 2019, ambayo mtengenezaji anaeleza usalama wa kifaa chake, ya modeli na toleo la programu utakaloletewa. Mawakala hupenda kutuma ya modeli nyingine. Dai na SBOM (orodha ya programu zote zilizomo ndani), uanze na mfumo endeshi wa seva. Windows 10 ya kawaida iliishiwa masasisho 14 Oktoba 2025. IoT LTSC 2021, toleo la Windows 10 la vifaa maalumu, inakwenda hadi Januari 2032. Monita inakaa wodini miaka 10, piga hesabu.

mama_biomed
Uliza pia kiwanda halisi, si nembo tu. Januari 2025 CISA na FDA (mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa tiba) walitangaza kwamba Contec CMS8000 ina anwani ya IP iliyoandikwa ndani ya programu, na ikiwa mtandaoni inatuma taarifa za mgonjwa huko. Mashine hiyohiyo huuzwa pia kama Epsimed MN-120. Ukihesabu nembo, unaona kampuni mbili.

Omba ya majaribio. Ichomeke kwenye swichi yenye mlango wa kunakili data, tumia kifaa cha kuigiza mgonjwa, washa Wireshark (programu ya kunasa mawasiliano ya mtandao) saa 24. Ikitafuta anwani yoyote ya nje ambayo haimo kwenye nyaraka, wakala aeleze kwa maandishi. Nmap (programu ya kupekua milango ya mtandao ya kifaa) usiipige kwenye mashine iliyo na mgonjwa, nyingine huganda.

fundi_vifaatiba_Moshi
Asante dada. Na wakala akigoma kutoa SBOM?

swichi_kuu (Arusha)
Sifuri kwenye kipengele hicho, ila liandikwe kwenye nyaraka za zabuni kabla hazijatangazwa. Ukiliongeza baadaye anaweza kukata rufaa, na huenda akashinda.