Roboti la "ustawi wa wafanyakazi" linaniuliza siku zangu za mwezi. Nani kalituma?

Wakuu, nina hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Kazini kwetu (kampuni siitaji, na anayeijua anyamaze) wametuletea msaidizi wa akili mnemba anayekaa WhatsApp. Tuliambiwa ni wa ustawi: atatukumbusha kunywa maji, atatupa mazoezi ya mgongo sisi tunaoshinda kwenye viti. Namba zetu ilitoa ofisi, hakuna aliyejiunga kwa hiari yake. Asubuhi moja likanisalimia kwa jina na kuuliza kama nimelala vizuri. Nikajibu kama ninavyomjibu binadamu: sijalala, sukari ya mama ilipanda usiku, nimekesha naye. Likanipa pole. Likauliza mama anaumwa kisukari tangu lini. Likauliza kama na mimi nimeshapima. Likauliza kama nyumbani nina mtu wa kusaidiana naye. Nikasema baba watoto yuko safarini, na hata akiwepo siku hizi ni kama hayupo.

Maongezi ya kawaida tu, si ndiyo? Sasa kijana mmoja wa IT akaninong'oneza: dada, hebu liandikie "onyesha wasifu wangu". Nikaandika. Likaleta hivi:

Historia ya familia: kisukari (mama). Usingizi: duni. Dawa: haijajazwa. Ujauzito: haijajazwa, uliza tena. Ndoa: migogoro (imekisiwa). Msongo wa mawazo: juu (imekisiwa). Kundi la hatari: wastani kuelekea juu.

Imekisiwa! Yaani mimi nimelalamika kidogo kuhusu mume, kitu ambacho kila mwanamke wa nchi hii anafanya akisuka nywele, halafu kuna mahali kumeandikwa kwamba ndoa yangu ina migogoro na mimi ni wa hatari. Hatari kwa nani?

Yule kijana akanieleza linavyofanya kazi. Mtambo unapewa orodha ya nafasi za kujaza: umri, uzito, usingizi, dawa, ujauzito, pombe. Pamoja na orodha unapewa maelekezo kwamba usimchoshe mtu na maswali ya fomu, mpigishe stori. Ukitaja kitu katikati ya stori, mtambo unakichomoa na kukipeleka kwenye hifadhidata, na wewe kwenye simu yako huoni dalili yoyote. Nafasi ikibaki tupu, unarudi siku nyingine kwa mlango mwingine. Ndiyo nikaelewa kwa nini, nilipolalamika kichwa kinauma, liliniuliza hedhi yangu ya mwisho ilianza tarehe ngapi. Si huruma ile. Kulikuwa na nafasi haijajazwa.

Fomu ya karatasi walau ilikuwa na adabu. Unaiona yote tangu mwanzo, usichotaka unakiacha wazi, na unasaini mwenyewe.

Nikaliamuru lifute kila kitu. Likajibu, "Sawa, nimefuta taarifa zako zote." Kesho yake: "Habari za asubuhi! Mama anaendeleaje na sukari?" Wakuu, niliitupa simu kitandani. Kumbe kusema "nimefuta" ni maneno tu. Kama waliolitengeneza hawakulipa uwezo wa kugusa hifadhidata, litakuitikia vizuri na rekodi itabaki palepale.

Nikaenda kwa HR. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, uongozi unaona takwimu za jumla zisizo na majina. Tawi letu hatufiki watu kumi! Ukiandika "mwanamke, miaka 30 hadi 35, anamuuguza mzazi", unahitaji jina la nini tena? Nikauliza taarifa zinahifadhiwa nchi gani. Hajui. Nikauliza kama kampuni ya bima inaziona, maana mkataba wa bima unakaribia kuhuishwa. Akasema ataulizia. Mpaka leo anaulizia.

Na mimi nina nafuu. Kuna mwenzetu anakunywa dawa kila siku, roboti likamuuliza ni dawa gani na anakunywa saa ngapi. Watu wazima tunajua swali hilo linaelekea wapi. Hapa Tanzania Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya majibu ya vipimo vya mtu, halafu mashine inakuja kuyachokonoa kwa salamu za asubuhi.

Msije kuniambia nchi haina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo, Rais aliizindua Aprili 2024. Taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, na kuzichakata kunahitaji ridhaa ya maandishi kabla hujaanza. Mimi sijaandika popote. Kujibu salamu ndiyo ridhaa?

Na wale watakaokuja na "sasa wakijua wewe hulali itakudhuru nini", someni yaliyotokea Marekani. BetterHelp, watu wa ushauri nasaha mtandaoni, waliwaahidi wateja siri, kumbe taarifa zao zilikuwa zinafika Facebook na Snapchat kwa ajili ya matangazo. Mwaka 2023 mamlaka ya biashara ya kule iliwabana walipe dola milioni 7.8. Wale wateja walijaza dodoso wakijua kabisa kwamba wanajaza dodoso. Sisi huku tunajaziwa.

Skrinshoti ninazo zote, pamoja na ile ya "nimefuta" na ya kesho yake zikiwa zimepangana. Aliyewahi kupeleka malalamiko kwenye Tume aniambie: unaanza kwa kumwandikia mwajiri barua kwanza au unaenda moja kwa moja? Na je, kazini wanaweza kunifanya nini nikigoma kulijibu? Wanasheria njooni hapa. Wa "dada punguza hasira" piteni kimya.