Mjadala: Siri za herufi za Kiebrania ni ufunuo, au tunachezewa kiinimacho?

MLETA MADA
Shalom wakuu. (Naona hata salamu nimeianza kwa Kiebrania. Ndivyo tulivyo siku hizi.)

Huu mwezi wa tatu, kanisani kwetu kila Jumatano kuna somo la "siri za herufi". Mtumishi anachora herufi ubaoni, anatuambia Jina la Mungu, yodi-he-vavu-he, ukilisoma kwa picha za kale linasema "tazama mkono, tazama msumari". Yaani msalaba ulifichwa ndani ya Jina tangu enzi za Musa. Watu wanalia. Mimi mwenyewe siku ya kwanza machozi yalinitoka, sitaki kudanganya.

Baadaye likaja la pili: kila herufi ni namba. Yodi 10, he 5, vavu 6, he tena 5, jumla 26. Jumatano iliyopita tukaombwa sadaka ya shilingi 26,000 "kwa hesabu ya Jina". Jirani yangu, mama anayeuza maandazi, alitoa. Hela ile naijua, ilikuwa ya unga.

Siulizi kama Mungu anaweza kusema kwa kutumia herufi. Aliwahi kusema kwa kinywa cha punda, tumesoma. Nauliza: maana hizi zimo ndani ya herufi, au tunazitia wenyewe? Na kama zimo, zinatutaka tuishije? Karibuni, matusi hapana.

MCHUNGAJI WA PEMBEZONI
Bwana Yesu asifiwe. Ndugu mleta mada, usichome ghala kwa sababu ya panya mmoja.

Herufi zina kazi ndani ya Biblia yenyewe. Zaburi 119 ina aya 176: herufi 22, kila moja imepewa aya 8, na aya zote nane zinaanza na herufi hiyohiyo. Maombolezo sura ya 1, ya 2 na ya 4 zina aya 22 kila moja, ya 3 ina 66. Mtu ameuona Yerusalemu ukiangamia, anakaa chini analia kwa kufuata alefu mpaka tavu, kilio chote, asibakize herufi. Na ile Mithali 31 mnayowasomea mabinti kwenye sendoff, "Mke mwema, ni nani awezaye kumwona?" Hesabuni aya ya 10 hadi ya 31. Ni 22. Bibi harusi anasomewa alfabeti nzima na ukumbi mzima haujui.

Bwana mwenyewe alisema "yodi moja wala nukta moja ya torati haitaondoka". Yodi ndiyo herufi ndogo kuliko zote. Mimi nayafundisha haya na sijawahi kumwomba mtu senti tano kwa ajili yake. Kuhusu hizo 26,000 sina utetezi.

MWANAFUNZI WA THEOLOJIA
Nimesoma Kiebrania miaka miwili, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Aliyoyataja mchungaji ni kweli, na yako wazi. Fungua maandishi ya Kiebrania, herufi ya mwanzo wa kila aya inaonekana kwa macho. Ule ni ufundi wa utunzi. "Mkono na msumari" ni habari nyingine kabisa.

Ni kweli herufi zilizaliwa na picha. Flinders Petrie, mwanaakiolojia Mwingereza, alikuta maandishi ya namna hiyo Serabit el-Khadim, kule Sinai, mwaka 1905. Kichwa cha ng'ombe kikaja kuwa alefu, nyumba ikawa beti. Ila kazi ya picha ilikuwa kutoa sauti yake ya kwanza, basi. Mnakumbuka chati za darasa la kwanza, a-ananasi, b-bata? Zilitusaidia kusoma "baba". Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba ndani ya "baba" wamejificha bata wawili.

Isitoshe, hizo herufi za mraba anazochora mtumishi wenu zimetokana na mwandiko wa Kiaramu, zikashika nafasi kwa Wayahudi baada ya uhamisho wa Babeli. Enzi za Musa hazikuwepo.

Mtakutana na jingine. Katika Mwanzo 1:1 kuna kineno "et", alefu na tavu, ambacho hakitafsiriwi. Wanasema huyo ni Kristo, Alfa na Omega, kasimama katikati ya aya. Kumbe kazi ya "et" ni kuonyesha kwamba nomino dhahiri inayofuata ndiyo inayotendwa. Sisi tungepaswa kuwa wa mwisho kushangaa: tukisema "nimekisoma kitabu", ile -ki- inafanya kazi inayokaribiana na hiyo. Teremkeni mpaka aya ya 21, "et" hiyohiyo imesimama mbele ya nyangumi wakubwa. Hapo sijawahi kusikia mhubiri akisimama.

MTOTO WA TANGA
Asalaam aleikum. Mimi Muislamu, naingia kwa adabu. Mjadala huu kwetu ni wa zamani mno.

Herufi za Kiarabu nazo zina hesabu yake, abjadi: alifu 1, be 2, jimu 3, dali 4. Mpangilio ule ule wa Kiebrania, kwa kuwa lugha hizi ni ndugu. Ndiko ilikotoka ile 786 mnayoiona imeandikwa kwenye magari na milangoni mwa maduka. Ni jumla ya herufi za Bismillahi. Na hiyo "beti" yenu ni nyumba kweli, ni jamaa wa bayti ya Kiarabu ambayo sisi tumeifanya ubeti wa shairi. Washairi wa pwani nao walitunga kwa kufuata alifu, be, te, kila ubeti na herufi yake, kama hiyo Zaburi.

Babu yangu alikuwa anaandika kombe. Aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaiosha kwa marashi, mgonjwa anakunywa. Baba yangu akaenda kusoma nje, aliporudi akasema ni bidaa, uzushi katika dini. Wakaswali msikiti mmoja miaka mingi na habari ya ile sahani hawaigusi. Nimelelewa katikati yao, kwa hiyo sina haraka ya kumhukumu mtu. Ninachokijua ni kwamba babu hakutoza. Aliyekuja na kuku alipokelewa, aliyekuja mikono mitupu alipokelewa vilevile. Wa leo wanaokupigia abjadi ya jina lako na la mama yako, unatuma hela kwanza ndipo hesabu ianze.

MSOMAJI WA KIMYA
Leo nimeshindwa kunyamaza. Ile 666, namba ya mnyama wa Ufunuo, je? Biblia yenyewe inasema "na aihesabu".

MWANAFUNZI WA THEOLOJIA
Hapo umenibana, na ni haki yako. Wasomaji wa kwanza walitarajiwa kupiga hesabu kweli. Andika "Neron Kesari", yaani Kaisari Nero wa Rumi, kwa herufi za Kiebrania: nuni 50, reshi 200, vavu 6, nuni 50, kofu 100, sameki 60, reshi 200. Inatoka 666. Ukiondoa nuni ya mwisho, jinsi Warumi walivyolitamka, inabaki 616, na ziko nakala za kale za Ufunuo zenye 616. Siwezi kudai waandishi hawakujua mchezo huu.

Lakini tazameni Mwanzo 14:14. Abramu anatoka kumwokoa Lutu akiwa na watu 318. Marabi wakahesabu jina la Eliezeri mtumishi wake, likatoa 318 kamili, wakasema alitoka na mtu mmoja tu. Wakristo wa mwanzo, katika Waraka wa Barnaba, wakaichukua 318 kwa herufi za Kigiriki: 10 na 8 ni mwanzo wa jina Yesu, 300 ni tau yenye umbo la msalaba. Namba moja imewapa hawa Eliezeri na wale msalaba. Kila mmoja alitoka na alichoingia nacho.

DADA WA KWAYA
Mmenikumbusha. Mwishoni mwa 2019 tuliambiwa Wayahudi wameingia mwaka 5780, na 80 ni herufi pe, maana yake mdomo, basi ni mwaka wa kutamka na kupokea. Haikupita miezi, dunia nzima ikaziba midomo kwa barakoa. Nikasubiri nisikie wakikiri wamekosea. Wakasema: si tuliwaambia ni mwaka wa mdomo?

NILIYEPONA
Mnaongea kama watu ambao hawajawahi kulazwa. Heti ni 8, yodi ni 10, jumla 18, neno ni "chai", aliye hai. (Siyo ya kunywa, wala msicheke.) Wayahudi wenyewe hutoa sadaka kwa mafungu ya 18 kwa sababu hiyo. Nililiandika kwenye kipande cha boksi la dawa nikalibandika juu ya kitanda cha wodini, wiki sita. Mkiniambia ni sarufi, sawa, ni sarufi. Lakini nililitazama kila asubuhi kabla daktari hajapita.

MTOTO WA TANGA
Dada au kaka, pole. Huyo babu yangu angekuelewa.

MCHUNGAJI WA PEMBEZONI
Naomba nirudi. Kuna kitu cha hao hao Wayahudi ambacho ningependa mtumishi wa Jumatano akisome. Kimo katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, Shabati 104a. Inasimuliwa kwamba watoto waliingia kwenye nyumba ya masomo wakaanza kufasiri alfabeti. Alefu beti: jifunze ufahamu. Gimeli daleti: watendee wema maskini. Wakatazama na maumbo. Mbona mguu wa gimeli umenyooka kumwelekea daleti? Kwa sababu mtenda wema humkimbilia maskini. Na mbona daleti amegeuza uso asimtazame gimeli? Ili apewe kwa siri, asiaibike.

Halafu neno "emeti", kweli: herufi zake ziko mbalimbali, ya mwanzo wa alfabeti, ya katikati na ya mwisho. "Shekeri", uongo: herufi zake tatu zinakaa jirani. Wakauliza kwa nini, wakajibu kwamba uongo unapatikana karibu, kweli ni ya kutafutwa.

Mwanafunzi atasema maana hizo hazimo kwenye herufi. Sawa, hazimo. Watoto walikuwa wanacheza. Ila mchezo wao ulimfikisha msikilizaji mlangoni kwa mwenye njaa.

MWANAFUNZI WA THEOLOJIA
Hiyo sibishi. Ni mahubiri na yanajijua kuwa ni mahubiri. Shida yangu inaanza pale yanapovaa joho la ushahidi.

JIRANI WA MBALE
Nachangia kwa ufupi kutoka Uganda. Huku tuna Abayudaya, Wayahudi waliotokana na Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi Mganda aliyeisoma Biblia, akatahiriwa mwaka 1919 na wanawe. Kiebrania walikijua kwa shida mwanzoni, Biblia yao ilikuwa ya Kiganda. Enzi za Amin ibada yao ikapigwa marufuku, wakashika Sabato kwa kujificha. Leo watoto wao wanasoma Torati kwa Kiebrania chake. Mimi si wa imani yao. Nilikua nikijua tu kwamba Jumamosi usiende kununua kwao, hawauzi. Habari za alfabeti nilizisikia nikiwa mtu mzima.

MLETA MADA
Nimesoma yote, asanteni. Mchungaji, umeniharibia usingizi: gimeli ndiye anamkimbilia daleti, na kwetu Jumatano ile daleti ndiye alikimbia kwenda mbele na bahasha.

Nilikwenda kwa yule mama jana jioni, na hela mfukoni, nikijiona mwema. Nikamweleza habari za picha na namba jinsi mlivyonielewesha. Akanisikiliza huku anageuza maandazi. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi hata hizo za Kiswahili nazisoma kwa shida. Nilimtolea Mungu." Hela akaikataa. Akanifungia maandazi manne kwenye gazeti.

Sijui nimweke herufi gani. Jumatano nitanyoosha mkono niulize habari za nyangumi. Nikitolewa nje nitawajulisha.