Diski nimefomati kwa CPFMTXA, mbona QUERY ALLOC PAGE haiioni?

Kijana wa Tudor
Salaam aleikum wanajukwaa. Niko Mombasa, kazini tuna meinfremu ya z/VM (mfumo wa IBM unaogawa kompyuta moja kubwa kuwa mashine nyingi za kidhahania), juu yake Linux kadhaa. Mkuu amesafiri, kaniachia diski ya 3390 (aina ya diski ya meinfremu) yenye silinda 10017, yaani vipande vya kuhesabia nafasi yake. Nimeifomati yote kwa CPFMTXA, programu ya z/VM ya kuandaa diski, lebo VMPG02, silinda 0 PERM (nafasi ya kudumu), 1 hadi 3000 PAGE (nafasi ya kuhifadhi kurasa za kumbukumbu RAM ikibana). Zilizobaki PERM, nataka nizikatie Linux minidiski, yaani vipande vya diski hiyo. Amri ya kuonyesha nafasi za PAGE, QUERY ALLOC PAGE, inaonyesha diski ile ya zamani tu, nayo imejaa kupita nusu. Kumebaki nini? Kuzima mashine siruhusiwi.

Mzee wa Konsoli
Waaleikum salaam mwanangu. Huhitaji kuzima. CPFMTXA inaandika ramani ya ugawaji ndani ya silinda 0, basi. CP, kiini cha z/VM, haina habari nayo mpaka volyumu (diski hiyo) iwe kwenye CP_OWNED, orodha ya diski zake yenyewe. Iachie kwanza kwa amri ya DETACH kama bado iko kwenye mashine yako. Piga QUERY CPOWNED, inayoonyesha orodha hiyo, utafute nafasi (slot) iliyo wazi. Tuseme ni ya 12:

DEFINE CPOWNED SLOT 12 VMPG02
ATTACH (namba ya diski) TO SYSTEM
START DASD (namba hiyo hiyo) PAGE

Kisha iandike kwenye SYSTEM CONFIG (faili la mipangilio) na ulipitishe CPSYNTAX (kikagua makosa), la sivyo IPL ijayo, yaani kuwasha mfumo upya, haitaijua.

Binti Kisauni
Kabla hujaiunganisha, kaka, hebu fikiria tena huo mchanganyo wa PAGE na minidiski za Linux. Silinda moja ya 3390 inabeba kurasa 180 za KB 4. Hizo 3000 zako ni kurasa 540,000, GB 2 na kidogo. Ukiitoa yote kwa PAGE unapata karibu GB 7. Tena Linux ikianza kuandika kwa fujo kwenye minidiski zake, kurasa za CP zinapanga foleni nyuma yake kwenye diski hiyo hiyo. Wenye mzigo mkubwa hawachanganyi.

Kijana wa Tudor
Dada, lakini nikianzia minidiski silinda 3001 si hazigusani?

Mzee wa Konsoli
Hazigusani leo. Kesho mwenzako ataandika kwenye dairektori (faili la watumiaji na minidiski zao) MDISK, yaani minidiski, inayoanza 2500, na DIRECTXA, programu inayoitekeleza dairektori, itaipitisha bila kuguna. Ramani ya silinda 0 haimzuii mtu wa dairektori. Ndiyo maana sisi wa zamani tunaweka mtumiaji $ALLOC$ asiyeweza kuingia, tunampa minidiski zinazofunika maeneo yote ya CP, ili DISKMAP, programu inayochora ramani ya minidiski za dairektori, ipige kelele zikilaliana. Na minidiski ya mgeni (mfumo kama Linux yako) isianzie silinda 0 kamwe: Linux ikipiga dasdfmt, amri yake ya kufomati, lebo na ramani vyote vimekwenda.

Kijana wa Tudor
Shukran sana. Nimeigawa upya, 1 hadi 10016 PAGE, na QUERY ALLOC PAGE sasa inaonyesha mbili. Za Linux nitaomba volyumu nyingine. $ALLOC$ kwenye dairektori yetu hayupo kabisa, ni wa kumuongeza mwenyewe au nimngoje mkuu?

Binti Kisauni
Mngoje. Dairektori ya watu hiyo. Lakini DISKMAP endesha leo, ni ya kusoma tu.