Pandas haifunguki ingawa usakinishaji ulikamilika bila kosa

MpungaAhero
Hamjambo. Ninachanganua vipimo vya mvua vya mashamba ya mpunga ya Ahero kwa programu iliyoandikwa na mwenzangu mwaka wa 2023. Faili yake ya mahitaji inataja pandas==2.0.3 pekee (pandas ni maktaba ya Python ya kuchanganua data), nami natumia Python 3.11 kwenye Windows. Usakinishaji ulikwisha salama, na hata pip check, amri ya kisakinishi pip inayokagua kama maktaba zinapatana, haikuona kasoro, lakini ninapoandika import pandas napata hili:

`ValueError: numpy.dtype size changed, may indicate binary incompatibility. Expected 96 from C header, got 88 from PyObject`

Nimeiondoa pandas na kuirejesha, hali ni ile ile. Je, nisakinishe Python upya?

FundiSection58
Ndugu, usiiguse Python. Pandas 2.0.3 ilitoka Juni 2023, mwaka mmoja kabla ya NumPy 2.0 (NumPy ni maktaba ya hesabu ambayo pandas huitegemea), na sehemu za pandas zilizoandikwa kwa lugha ya C zilijengwa zikitarajia mpangilio wa kumbukumbu wa NumPy 1, ambao NumPy 2 iliubadilisha. Hizo 96 na 88 ni baiti: pandas inatarajia ukubwa mmoja, NumPy inaleta mwingine. Kwa kuwa pandas hiyo inatangaza toleo la chini la NumPy inalolihitaji bila kuweka kikomo cha juu, pip huchukua toleo jipya kabisa linalokubaliana na Python yako. Pip check nayo husoma matangazo yayo hayo, basi ingeonaje kosa? Ulipoiondoa pandas, NumPy ilibaki palepale.

Tengeneza mazingira pepe, yaani folda yenye maktaba zake peke yake, kisha usakinishe zote mbili kwa amri moja:

`python -m venv mvua`
`mvua\Scripts\activate`
`pip install "numpy<2" "pandas==2.0.3"`

Usiziondoe alama za kunukuu, la sivyo alama ya < itachukuliwa kuwa agizo la kusoma faili. Utapata NumPy 1.26.4.

MwalimuKakamega
Kwa heshima, ninatofautiana kidogo na mwenzangu. Njia hiyo inafaa ukitaka kurudia matokeo ya 2023, lakini kama programu itaendelea kutumika, ni afadhali uhamie pandas 2.2.2 au ya baadaye, kwa kuwa hiyo ndiyo ya kwanza kuelewana na NumPy 2. Ila usihamie Python 3.12 ukiwa bado na 2.0.3: haina faili ya whl (kifurushi kilichokwisha kujengwa) kwa Python hiyo, kwa hivyo pip itajaribu kuijenga kutoka msimbo chanzo, na bila kikusanyaji cha C (programu inayougeuza msimbo huo kuwa wa mashine) utaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

MpungaAhero
Nashukuru, imefunguka kwa amri ya FundiSection58. Kuhama nitafanya msimu ukiisha. Zipo tarakilishi nyingine mbili ofisini zisizo na intaneti. Nifanyeje?

FundiSection58
Pakua kwenye yako, ukiwa ndani ya mazingira yale yale:

`pip download -d mizigo "numpy<2" "pandas==2.0.3"`

Beba folda hiyo kwa flashi, kisha kwenye kila tarakilishi:

`pip install --no-index --find-links mizigo "numpy<2" "pandas==2.0.3"`

Hakikisha kwanza kwamba nazo zina Windows ya biti 64 na Python 3.11 kama yako, kwani faili za whl za maktaba hizi hujengwa kwa mfumo na toleo mahususi.