Kodi ya hitilafu P0118 haiondoki hata baada ya kubadili sensa ya joto la maji (IST, Tanga)

Raskazone_IST: Wakuu, habari za jioni. Toyota IST, injini 1NZ-FE. Taa ya injini inawaka, feni ya rejeta haizimi, simu inasoma P0118. Sensa ya joto la maji imeshabadilishwa, kodi ikifutwa inarudi papo hapo. Nina mita, na kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kwenye simu. Nipime nini kabla ya kununua sensa nyingine?

Umeme_Chumbageni: Usinunue kitu bado, mkuu. P0118 haisemi sensa imekufa. Inasema volti za sakiti zimepanda kupita kiasi, yaani mahali fulani njia imekatika. Shoti ingeleta P0117.

Washa swichi bila kupiga stata, fungua joto la maji kwenye simu. Chomoa plagi ya sensa: lazima isome nyuzi −40. Kisha unganisha pini mbili za plagi kwa kipande cha waya. Ikiruka hadi 140 hivi, nyaya na kontroboksi (kompyuta ya injini) ni nzima. Angalia sensa na pini zilizolegea. Ikibaki −40, sensa haihusiki kabisa.

Fanya hivi kwenye sensa hii ya waya mbili tu. Volti 5 zake hupitia rezista ndani ya kontroboksi. Kwenye sensa ya waya tatu utashoti umeme unaolisha sensa nyingine.

Pangani_Rd: Na sensa mpya ipimwe pia, feki ni nyingi. Ikiwa nyuzi 20 itoe omu 2,300 hadi 2,600. Kwenye maji ya nyuzi 80, omu 310 hadi 330.

Raskazone_IST: Imebaki −40. Pini moja na hasi ya betri napata volti 5. Kati ya pini zenyewe, sifuri.

Umeme_Chumbageni: Basi waya wa kurudi (hasi ya sensa), unaoitwa E2, ndio umekatika. Wa volti 5 ni mzima. Na kwa kuwa E2 hutumiwa na sensa kadhaa na kodi ni hii moja tu, mkato hauko kwenye kontroboksi. Uko kwenye kile kipande kifupi kinachoingia plagi hiyo.

Toa hasi ya betri, pima omu toka pini isiyo na volti 5 hadi E2 ya plagi ya sensa ya hewa inayoingia injini. Isizidi omu 1. Tikisa waya huku ukisoma mita.

Huku kwetu pwani shaba huoza ndani ya ganda, kwa nje waya unaonekana mzima. Kata mpaka ukutane na shaba inayong'aa. Ya kijani haishiki risasi ya kulehemu. Lehemu, kisha vesha mpira unaonywea kwa joto, wenye gundi. Kusokota na kufunga selotepu hakudumu, chumvi itaingia tena.

Ukimaliza, asubuhi kabla ya kuwasha gari linganisha joto la maji na joto la hewa kwenye simu. Yapishane nyuzi chache tu.