Baridi hii ya Julai, trauti bado wanakula ama tungoje Septemba?

Mvuvi_wa_Ruaka

Wadau habari zenu. Naomba ushauri kabla sijachoma mafuta tena bure. Mimi bado mgeni kwa huu uvuvi wa nzi bandia, zile ndoano zilizofungwa manyoya zifanane na mdudu, nilianza Januari, jamaa wa kazini alinifunza kurusha laini kwenye nyasi uwanjani halafu mwezi wa pili tukaenda mto Gatamaiyu mara mbili nikatoa trauti wanne. Walikuwa wadogo lakini nilifurahi sana, sikulala hiyo siku.

Sasa Jumamosi iliyopita nikasema niende peke yangu. Nimetoka Ruaka saa kumi na moja asubuhi, ukungu wa Limuru ulikuwa mzito huoni hata taa za gari ya mbele, nikafika Kimende nikakata kulia, saa moja na nusu niko ndani ya maji. Mpaka saa nne na nusu hakuna hata mmoja aliyegusa. Vidole vimekufa ganzi, nzi ikinasa kwa tawi nikashindwa hata kufunga fundo jipya, basi nikafunga virago nikarudi zangu.

Jioni nikakaa kuangalia video za Waingereza wakivua msimu wao wa baridi, wanasema samaki wamelala chini hawataki kitu. Ndiyo nauliza, Julai na Agosti kwetu ni hivyo hivyo? Ningoje Septemba? Na kama kuna matumaini, niende mtoni tena ama nijaribu maji yaliyotulia, yale maziwa ya Mlima Kenya nasikia yana trauti wakubwa? Nina rodi namba 5, laini ya kuelea, na nzi kama hamsini hivi za mchanganyiko nilizonunua kwa mfuko.

MzeeWaThego

Kijana wangu karibu. Mto uliochagua ni mzuri, kilichokuponza ni saa. Umeingia majini wakati samaki hajaamka na ukatoka wakati anaanza kufikiria chakula.

Hizo video weka kando kwanza. Uingereza mwezi wa Januari mto unaweza kuwa digrii 4 au 5, na tena trauti wa mtoni wakati huo huwa wamefungiwa msimu, unaowaona wakivua ni samaki mwingine anaitwa greilingi. Sisi tuko kwenye ikweta. Hiyo Julai yako unayotetemeka ndani ya jaketi, maji ya mto wa msituni kwenye mita 2,200 hivi mimi huyakuta digrii 9 au 10 alfajiri, ikifika saa saba mchana yamepanda mpaka 12, siku jua likitoboa hata 13. Na trauti anakula vizuri kati ya 10 na 16. Yaani mchana wetu wa Julai ni raha kwake. Anayeumia na baridi ni wewe uliyesimama juu.

Elewa kitu kimoja, samaki hana joto lake mwenyewe, mwili wake unafuata maji. Digrii zikishuka tumbo lake linasaga chakula polepole, kwa hivyo hana haja ya kukimbiza kitu mbali. Hajalala, amepunguza mwendo. Na hao trauti wetu asili yao ni ya baridi, mayai ya wale wa kahawia yaliletwa na mlowezi Grogan kutoka Scotland mwaka 1905 yakawekwa mto Gura, wale wa upinde wa mvua wakaja baadaye kutoka Afrika Kusini mwaka 1910. Kinachowatesa kweli ni Februari ya ukame, mto ukibaki vidimbwi na maji yakisukuma 20, hapo mimi hata rodi sitoi nyumbani kwa sababu samaki ukimpigisha vita kwenye maji ya moto hata ukimwachilia anaweza kufa.

Nunua kipimajoto kidogo, kifunge kamba. Mimi changu nakitumbukiza kivulini chini ya jiwe, si kwenye jua pembeni, nahesabu hadi mia ndiyo nakitoa. Chini ya 8 nakaa kwa jiwe nakunywa chai yangu ya tangawizi nangoja. Ikifika 10 naanza kazi. Msimu huu kazi ni kuanzia saa tano mpaka saa tisa hivi, basi. Mawingu ya gathano, huu msimu wetu wa baridi, hayaachii jua mapema, unaweza kukaa mpaka saa sita ndiyo uone kivuli chako.

Halafu angalia rangi. Masika yakishakatika mito hubaki imejaa Juni, Julai inaanza kusafika, lakini upande wa mashariki wa Aberdare manyunyu hayaishi. Ingia mpaka magotini utazame chini. Ukiona kidole cha gumbuti yako vua bila wasiwasi, ukiona kivuli tu cha gumbuti weka nzi mkubwa mweusi, usipoona mguu kabisa panda juu karibu na chanzo ama rudi nyumbani.

DadaManyoya

Mzee amesema yote ya maji, wacha mimi niseme ya nzi maana ndiyo kazi yangu, nafunga nzi za kuuza nje mwaka wa kumi na tatu sasa. Watu wengi hapa Nairobi hawajui kwamba nzi nyingi wanazotumia wazungu huko Ulaya na Marekani zimefungwa kwa mikono ya Wakenya, wengi wetu akina mama, halafu mvuvi wetu wa hapa ananunua mfuko wa mchanganyiko na nusu yake haitamsaidia mto wowote wa Kenya. Inaniuma kila nikiona.

Kaka, mwaga huo mfuko wote kwa meza. Zile za kuelea zenye mabawa yamesimama weka kando, utazitumia Januari. Tafuta zenye shanga ya shaba au dhahabu kichwani, ndoano namba 14 na 16, mwili wa manyoya ya sungura rangi ya udongo au zile za manyoya ya mkia wa ndege fezanti. Shanga ndiyo inazamisha. Zile ninazofunga za baridi naongeza kwanza waya wa risasi mizunguko minane juu ya ndoano, ndiyo nafunika na manyoya, halafu nikimaliza nachukua sindano nachokonoachokonoa tumbo la nzi mpaka vinyweleo vitoke nje pande zote. Ukiitia maji utaviona vinacheza kama miguu ya mdudu bila wewe kuvuta chochote. Hiyo ndiyo siri ya msimu huu, nzi aonekane hai hata akiwa amesimama, kwa sababu samaki hatamfuata.

Na chunguza ndoano zenyewe. Duka moja mjini liliniuzia ndoano ninazofungia za kwangu, samaki wa kwanza wa maana akazinyoosha kama pini ya nywele, nililia. Chomeka ndoano kwa ukingo wa mbao uvute, ikipinda tupa.

Kingine, hiyo shida ya vidole. Fundo funga nyumbani. Mimi natayarisha nyuzi za mwisho nne, kila moja na nzi wake tayari, nazizungusha kwa kipande cha kandambili kilichokatwa. Ukipoteza mmoja mtoni unaunga sehemu moja tu basi. Glavu za kukata vidole nazo zinasaidia, lakini zikilowa zivue, glavu mbichi ni mbaya kuliko mkono mtupu.

Baba_Wanja

Mimi niongee juu ya maji yaliyotulia kwa sababu nimeyapenda kuliko mito, na pia kwa sababu yalitaka kuniua.

Ziwa Ellis unapita njia ya Chogoria, Alice na Rutundu ziko upande huo huo wa mlima kwa kuzunguka, zote ni zaidi ya mita 3,000. Trauti wapo na ni kweli wa Alice wanakua wakubwa. Lakini huko usiku wa Julai barafu inashika kwa nyasi. Mara ya kwanza nilienda na rafiki, tukalala kwa hema kando ya Ellis, saa kumi na mbili na nusu nikatoka na rodi. Nikarusha mara tatu, ya nne laini ikakataa kutoka. Kuangalia, vile vipete vya rodi ambavyo laini inapita vimejaa barafu, kila nikivuta laini maji yanabaki kwenye kipete yanaganda. Nikawa nazichovya ndani ya ziwa ziyeyuke, narusha, nachovya tena. Nilikuwa nimevaa jinsi, na hapo ndipo nilipokosea kabisa. Nikaingia mpaka mapajani, jinsi ikanyonya maji mpaka kiunoni, upepo ukaanza kutoka huko juu, na baada ya nusu saa nikawa naongea maneno hayaeleweki. Mwenzangu ndiye aligundua, mimi mwenyewe niliona niko sawa tu. Akanivuta, akanivua nguo, akanitia ndani ya mfuko wa kulalia na chupa ya maji moto. Mtu akianza kushindwa kufunga zipu ama kutamka vizuri, uvuvi umeisha, hakuna mjadala.

Sasa kuvua penyewe. Kwenye ziwa laini ya kuelea peke yake itakusumbua Julai, unahitaji inayozama. Rusha, hesabu polepole kumi, vuta. Usipoguswa hesabu kumi na tano, halafu ishirini, mpaka siku utoe majani chini ndiyo ujue umefika, rudi nyuma kidogo hapo. Kuvuta ni kwa vidole, vuta urefu wa kiganja, pumzika, vuta tena. Mimi nilikuwa navuta kama natoa ndoo kisimani, sikupata kitu siku nzima, yule mwenzangu anavuta kama analala akatoa watatu wote karibu na mchana, kwenye ile ghuba ambayo jua lilikuwa limeipiga tangu asubuhi na upepo unasukuma maji kuelekea huko. Upepo ukuchape usoni ndiyo pazuri, chakula kinasukumwa upande wako.

Ushauri wangu kwa mgeni, usiende huko peke yako Julai. Bora ungoje Januari ama Februari, ama utafute watu wawili watatu wenye gari ya kupanda mlima, mfuko mzuri wa kulalia na nguo za sufu. Pamba iache nyumbani.

Naivasha_Tu

Kama unataka maji yaliyotulia bila kuganda si uende Naivasha, samaki wanaoitwa besi wapo tangu walipoletwa miaka ya 1920 huko. Julai wanazembea kidogo lakini bado wanashika, nenda asubuhi mpaka saa sita maana mchana upepo unachafua ziwa, na mashua iwe na mtu anayejua viboko wako wapi.

Mvuvi_wa_Ruaka

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya aina hii. Mzee swali dogo, samaki wenyewe nitawatafuta wapi, kwa maana Februari nilikuwa nawaona kwa maji yanayokimbia.

MzeeWaThego

Hapo kwa maji yanayokimbia pasahau sasa hivi. Tafuta pale mto unapomwaga kwenye kidimbwi kirefu, uangalie ule mstari ambapo maji ya kasi yanagusana na yale ya polepole. Trauti anakaa upande wa polepole, chini kabisa, anaacha ule mkondo umletee chakula bila yeye kutumia nguvu. Nyuma ya jiwe kubwa pia. Tupa nzi juu zaidi ya hapo ili apate nafasi ya kuzama, kipitie kidimbwi hicho hicho mara kumi na tano ukisogeza shibiri moja moja, hasogei mbali kufuata chakula msimu huu. Funga kipande cha uzi wa sufu rangi ya machungwa juu kwenye laini yako, kikisita tu, hata kama ni kusita kama kugusa jani, inua rodi. Wanagusa kwa upole sana, nina hakika Jumamosi uliguswa hukujua.

Na ukiona changarawe imefagiliwa safi kama karai chini ya maji, usikanyage, hapo kuna mayai.

Leseni usisahau, na ukiwa ndani ya hifadhi ya Aberdare nenda na askari, nyati hapendi kushtuliwa akiwa kwenye kichaka cha kando ya mto na sauti ya maji inakuzuia kumsikia.

Mvuvi_wa_Ruaka

Wadau nimerudi na ripoti. Jana Jumapili nililala mpaka saa mbili, nikanywa uji, nikafika Gatamaiyu saa tano kasorobo. Kipimajoto nilinunua mtaani, nikakitia chini ya jiwe nikahesabu mia, digrii 9. Nikakaa. Kukaa tu ndiyo ilikuwa kazi ngumu, mto uko mbele yako na umesimama na rodi. Saa sita na robo ikasoma 11 na jua likawa limetoboa kidogo, kidole cha gumbuti nakiona.

Nikachagua kidimbwi kimoja chini ya mti ulioanguka, nzi wa sungura namba 14 mwenye shanga. Nimekipitia nafikiri zaidi ya mara ishirini. Saa saba kasoro ule uzi wa sufu ukasita, yaani haukuzama, ulisita tu wakati povu la kando linaendelea kwenda. Nikainua. Nilisikia uzito kwanza halafu kichwa kinatikisika, nikajua. Trauti wa upinde wa mvua, shibiri na vidole vitatu, ubavu wake una mstari wa waridi mpaka kwa mkia na mkono wangu ukiwa baridi vile hata sikuhisi utelezi wake. Nilimshika kichwa kikiangalia mkondo, akakaa sekunde chache kisha akaondoka polepole, hakukimbia.

Nikapata wa pili saa nane na dakika kumi, kidimbwi hicho hicho. Baada ya hapo ukungu ukarudi nikatoka.

DadaManyoya naomba unifungie dazeni moja ya hizo zenye waya wa risasi, nimebaki na mbili. Nitazifuata popote ulipo, niambie siku.

DadaManyoya

Hongera sana kaka! Nitakufungia nane za namba 14 na nne za 16, Agosti maji yakisafika zaidi hizo ndogo utazihitaji. Nipe mpaka Ijumaa.